Shangingi la V8 leo au tabo baadaye? Mwongozo kamili wa kuamua kati ya Lexus LX 570 na LX 600

Tanzania neno "V8" limeacha kuwa aina ya injini, limekuwa jina la gari lenyewe. Mtu akisema amepishana na V8 barabarani, hakuna anayeuliza silinda ngapi. Sasa silinda nane zenyewe zimeondoka. Mwaka 2021 Toyota ilitoa Land Cruiser 300 na Lexus LX 600, yote yakiwa na silinda sita, na kwa toleo la petroli la Japani, tabo mbili. Tangu hapo mwenye pesa za kununua LX 570 anajiuliza kama anunue sasa au akae na pesa yake hadi bei ya LX 600 ishuke.

Mwongozo huu unashughulika na LX inayoagizwa Japani ikiwa imetumika, usukani kulia, kwa sababu ndivyo nyingi zinavyoingia Mombasa na Dar es Salaam. Hesabu nyingi humu zinafaa pia kwa Land Cruiser 200 na 300. Kwa wanunuzi wengi, mafuta na nguvu si sababu za kutosha kusubiri. Kinachoamua ni kalenda ya uagizaji, ushuru, na fundi uliye naye.

Jua kwanza unachosubiri

LX 570 inatumia injini ya 3UR-FE: silinda nane, lita 5.7, inavuta hewa yenyewe bila kusukumiwa. Toleo la Japani, lililoanza kuuzwa huko 2015, lina nguvu ya farasi 377 na nguvu ya kuvuta ya Nm (nyutonimita) 534 inayofikia kilele kwenye mizunguko 3,200 kwa dakika. Giaboksi ina gia nane.

LX 600 inatumia V35A-FTS: silinda sita, cc 3,445, tabo mbili, moja kila upande wa injini. Farasi ni 415, nguvu ya kuvuta Nm 650, na inapatikana yote kuanzia mizunguko 2,000. Giaboksi ina gia kumi. Gari lenyewe limepunguzwa takribani kilo 200.

Angalia hizo namba za mizunguko kuliko namba za farasi. Unapopanda Kitonga nyuma ya lori la makontena na nafasi ya kupita ni fupi, LX 570 itashusha gia mbili, injini ipige kelele, ndipo ikupe nguvu yake. LX 600 tayari inayo hapo ilipo. Hiyo ndiyo raha ya tabo, na ni raha ya kweli.

Kwa asiyejua tabo inafanya nini: ni feni mbili ndogo zilizofungwa kwenye ekseli moja. Moshi wa ekzosi unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inachomwa ndani ya injini ndogo. Ekseli hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Mengi utakayoyasoma hapa chini kuhusu matunzo yanatokana na utando huo.

Hatua ya 1: Taja aina ya kusubiri kwako

Watu husema "nasubiri" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na kila moja lina jibu lake.

Ukisubiri gari jipya kutoka kwa wakala, muda hauko mikononi mwako. Januari 2022 Toyota yenyewe ilieleza kuwa Land Cruiser 300 iliyoagizwa Japani ingeweza kuchukua miaka minne kufika kwa mteja, na baadaye oda zikafungwa. Wanunuzi wa Japani walitakiwa kusaini ahadi ya kutoliuza gari ndani ya mwaka mmoja. Ndiyo maana magari ya miaka ya kwanza yaliyofika kwenye minada yalikuwa machache na ghali kuliko bei ya dukani.

Ukisubiri gari lililotumika lishuke bei, unategemea minada ya Japani na thamani ya yen. Hapa ndipo wasomaji wengi walipo.

Aina ya tatu ni kusubiri injini ithibitike, yaani wengine watangulie kugundua kasoro zake. Hii ndiyo yenye akili kuliko zote, na tutaifikia.

Hatua ya 2: Soma kalenda ya nchi yako kabla ya bei

Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa utaratibu unaotumika, gari lililosajiliwa 2019 linapaswa kuwa limefika ifikapo 31 Desemba 2026. La 2020 lina hadi mwisho wa 2027, na la 2021 hadi mwisho wa 2028. LX 570 ilikoma 2021 LX 600 ilipochukua nafasi yake. Maana yake ni kwamba mwisho wa 2028 mlango wa kuagiza LX 570 kuingia Kenya unafungwa kabisa, na kila Januari inayopita inaondoa zile za bei nafuu na kuacha za bei ya juu. Anayesubiri Kenya hasubiri tu LX 600 ishuke. LX 570 nayo inamkimbia.

LX 600 za kwanza zilianza kuuzwa Japani Januari 2022. Hizo zina hadi mwisho wa 2029.

Tarehe ya usajili isome kwenye cheti cha kusafirisha gari, si kwenye tangazo la muuzaji. Wajapani huandika mwaka kwa zama za mfalme. Heisei 31 ni Januari hadi Aprili 2019. Kuanzia Mei 2019 ni Reiwa 1. Kwa Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 2 ni 2020, Reiwa 4 ni 2022. Kosa la mwaka mmoja hapo linaweza kuliacha gari bandarini bila ruhusa ya kuingia.

Tanzania haikatazi umri, ila inautoza. Gari la miaka minane hadi kumi tangu kutengenezwa linaongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na la zaidi ya kumi asilimia 30. Uganda inaruhusu hadi miaka 15 tangu kutengenezwa, na gari kuukuu hulipa tozo ya mazingira juu yake.

Kwa aliye Rwanda, Burundi au Kongo, ambako watu huendesha upande wa kulia, soko la asili ni Dubai na nchi nyingine za Ghuba. Huko kuna jambo la kufurahisha: Land Cruiser 300 ya Ghuba iliuzwa pia na injini ya zamani ya lita 4.0, silinda sita, isiyo na tabo. Mtu anayetaka umbo jipya bila tabo anaweza kulipata, kwa sharti la kuridhika na farasi kama 270.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ushuru, usikisie

Wengi wanaamini kuwa injini ndogo itapunguza ushuru. Kwa LX si kweli, na namba ni hizi.

Kenya: chukua thamani ya forodha, yaani thamani ya gari ambayo mamlaka ya kodi inaitumia kukadiria ushuru, kuwa 100. Ushuru wa forodha asilimia 35 unafikisha 135. Ushuru wa bidhaa kwa petroli inayozidi cc 3,000 ni asilimia 35 ya hiyo 135, yaani 47.25, inakuwa 182.25. VAT ya asilimia 16 inafikisha kama 211. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2 za thamani ya forodha, unafika karibu 216. Cc 5,700 na cc 3,445 zote zimepita 3,000, kwa hiyo asilimia ni ileile. LX 600 ina thamani kubwa zaidi, basi ushuru wake kwa shilingi ni mkubwa zaidi.

Tanzania: 100, ushuru wa forodha asilimia 25, inakuwa 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10, yaani 12.5. VAT asilimia 18 ya jumla hiyo inafikisha kama 162, kabla ya tozo ndogondogo. Gari la miaka minane hadi kumi linafika kama 184. Lililopita kumi linafika kama 206. Kwa hiyo LX 570 ya 2015 inayoonekana rahisi kwenye mnada inabeba mzigo wa kama 44 kwa kila 100 ambao ile ya 2020 haina. Kabla ya kumwambia mtu umepata V8 ya bei ya chini, weka hizo 44 ndani.

Viwango hivi hubadilika na bajeti ya Juni, na mamlaka za kodi hutumia orodha zao za thamani, si risiti yako. Mpe wakala wa forodha namba kamili ya modeli, mwaka na mwezi, akupe hesabu kwa maandishi kabla hujatuma hata senti Japani.

Mahali ambapo tabo inapunguza ushuru kweli ni ngazi ya chini. Lexus RX 350 mpya, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2022, ina injini ya tabo ya lita 2.4. Kenya hiyo inaangukia ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 badala ya 35, na jumla inashuka kutoka 216 hadi kama 200 kwa kila 100. Kama unachotaka ni Lexus yenye tabo, na huendi porini wala huvuti trela, fikiria hiyo.

Hatua ya 4: Hesabu ya mafuta, kwa kalamu

Japani ilibadilisha kipimo chake katikati, kwa hiyo usilinganishe namba za Kijapani za magari haya mawili. Tumia vipimo vya serikali ya Marekani, ambavyo vilipimwa kwa njia moja: LX 570 maili 14 kwa galoni, LX 600 maili 19. Kwa lugha yetu ni lita 16.8 na lita 12.4 kwa kilomita 100.

Ukiendesha kilomita 15,000 kwa mwaka, LX 570 inakunywa lita 2,520 na LX 600 lita 1,860. Unaokoa lita 660. Kwa petroli ya shilingi 180 za Kenya, hiyo ni shilingi 118,800 kwa mwaka. Tuseme tofauti ya bei kati ya magari mawili unayoyatazama ni milioni 6. Gawanya: ni miaka 50.

Rudia hesabu hiyo kwa kilomita zako na bei uliyopewa. Hata ukiendesha mara mbili ya hapo, mafuta peke yake hayawezi kulipia LX 600. Na namba za tabo ni za mguu mpole. Kwenye foleni ya Mandela Road, au ukilisukuma gari kila taa ikiwaka kijani, pengo linapungua, kwa sababu injini ya tabo inayosukumwa hunyunyiza petroli ya ziada kujipoza.

Hatua ya 5: Unaishi mwinuko gani?

Hili watu hulisahau, na ndilo linalonishawishi zaidi upande wa tabo. Hewa inapungua uzito kadiri unavyopanda. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Farasi 377 za LX 570 zinabaki kama 313 hapo. Eldoret, kwenye mita 2,100, hali ni mbaya zaidi. Tabo inazunguka kwa kasi zaidi na kufidia, kwa hiyo LX 600 inapoteza sehemu ndogo tu.

Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tofauti ya magari haya ni farasi kama 38, na utaizoea ndani ya wiki. Nairobi, Mbeya au Eldoret inakaribia 100, na utaisikia kila ukikanyaga mafuta. Mkazi wa pwani hana sababu hii ya kusubiri. Mkazi wa nyanda za juu anayo.

Hatua ya 6: Fundi, oili na petroli

Silinda sita hazikupunguzii oili. LX 570 inachukua takribani lita 7.5 pamoja na filta, LX 600 lita 7 na ushee, zote za 0W-20, yaani oili nyepesi. Unaokoa plagi mbili tu.

Tofauti iko kwenye nidhamu. 3UR-FE ya LX 570 inasamehe. Ukichelewa kubadilisha oili kilomita 3,000, itaendelea. V35A ya LX 600 haisamehi hivyo, kwa sababu oili ileile inapita kwenye tabo zenye moto wa ekzosi. Oili iliyochakaa hupikika ndani ya njia nyembamba na kuwa ukoko mweusi, utando unakatika, ekseli inaanza kucheza. Dalili ya kwanza ni filimbi kali inayopanda na mwendo, kisha moshi wa bluu ukiachia mafuta. Kwa vumbi na foleni zetu, badilisha oili kila kilomita 5,000 hadi 7,000, hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Baada ya mlima mrefu au mwendo wa kasi, acha injini izunguke dakika moja au mbili bila kuikanyaga kabla ya kuzima.

Petroli: zote mbili Japani hupewa petroli ya daraja la juu. V35A inabana hewa iliyosukumwa, kwa hiyo petroli dhaifu inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na kompyuta italazimika kuchelewesha cheche. Gari halitaharibika siku hiyo, ila farasi ulizolipia hazipo. Tafuta kituo chenye petroli ya RON 95 (RON ni kipimo cha uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati), na kama mji wako hauna, hilo ni hoja halali dhidi ya kusubiri.

Kuna pia dizeli ya tabo, F33A, farasi 309 na Nm 700, kwenye Land Cruiser 300. Inavutia sana kwa safari ndefu. Lakini ya Japani ina chujio la masizi kwenye ekzosi na inahitaji maji ya urea. Safari za kilomita tano tano mjini hazilipi chujio joto la kuchoma masizi, linaziba. Anayekwenda Lubumbashi au Mwanza kila wiki, sawa. Anayepeleka watoto shule Masaki, hapana.

Kabla ya kuamua, nenda gerejini kwako na swali moja: "Una mashine ya daignosi inayosoma kompyuta ya gari hili, na unaweza kunionyesha presha ya tabo ikiwa barabarani?" Fundi akisita, basi injini hiyo bado haijafika mtaani kwako, hata kama imefika bandarini.

Hatua ya 7: Je, injini imethibitika?

Hapa ndipo kusubiri kunakuwa na thamani. Mei 2024 Toyota iliyaita nyuma nchini Marekani magari takribani 102,000, pikapu za Tundra na LX 600 za modeli za 2022 na 2023. Sababu: mabaki ya chuma yaliyotokana na uchongaji wa vipande kiwandani yangeweza kubaki ndani ya injini na kukaa kwenye beringi kuu za krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Gari likiwa chini ya mzigo mkubwa kwa muda, beringi huanza kufeli. Injini inagonga, inatetemeka, inapoteza nguvu, na inaweza kuzima barabarani. Novemba 2025 iliongezwa idadi nyingine kubwa, hadi modeli za 2024.

Kasoro hiyo haitokani na tabo. Ni ya usafi wa uchongaji, na ingeweza kuikuta injini yoyote. Lakini inafundisha jambo moja kwa anayenunua: injini mpya ikitoka, miaka miwili au mitatu ya kwanza ndiyo inayobeba makosa ya kiwanda. 3UR-FE ilishamaliza kipindi hicho zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Angalia pia soko la Sharjah na Dubai. Kuna LX 600 za Marekani zinazouzwa huko baada ya ajali. Gari kama hilo linaweza kuwa limeitwa nyuma na halijafanyiwa kazi, na ukilipeleka Goma au Bujumbura hakuna atakayekubadilishia injini bure. Weka namba ya chasi ya tarakimu 17 kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kabla ya kulipa. Kwa gari la Japani, namba ya LX 600 huanza na VJA310 na ya LX 570 na URJ201; ikague kwenye ukurasa wa Lexus wa Japani.

Shauri letu kwa anayetaka LX 600: iache ya 2022, hata ikiwa bei inakuita. Lenga iliyosajiliwa 2024 au baadaye, na kwa kuwa wito huo ulifika hadi modeli za 2024, uikague namba yake vilevile.

Hatua ya 8: Ukaguzi wa gari lenyewe

LX 570 isiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti, iwe baridi. Chini ya pampu ya maji tafuta alama ya waridi iliyokauka kama chaki, ndiyo kuleenti ya Toyota iliyovuja taratibu. Tazama tanki la plastiki la juu la rediata kwa tochi, maana hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Starta imefichwa chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo ikisita kuwasha, ujue kazi yake ni ya siku nzima na si ya saa moja.

Kisha mfumo wa kuinua gari. Lipandishe hadi juu kabisa, tazama kiwango kwenye tanki la mafuta ya haidroliki, lishushe hadi chini, tazama tena. Kiwango kinapaswa kupanda waziwazi gari likishuka, kwa sababu mafuta yanarudi. Kikisogea kidogo tu, mipira yake ya gesi imekufa, na gari litarukaruka kwenye matuta kama mkokoteni. LX 600 ina mfumo wa jamaa hiyohiyo, kwa hiyo kusubiri hakukuepushi na gharama hii.

Kwa LX 600 iliyo yadi, lipa servisi ya oili mwenyewe kabla ya kununua, kwa sharti kwamba filta ya zamani unabaki nayo. Gharama ni ndogo kuliko kosa. Kama filta ni ya kopo, ifunguliwe kwa kisu cha kukatia filta, si msumeno, maana msumeno unaongeza vumbi lake la chuma na kukudanganya. Toa karatasi ya ndani, ikate, ikunjue kama feni, ikamue oili, itandaze juu ya kitambaa cheupe juani. Chembe chache nyeusi laini ni masizi ya kawaida. Pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni: zinazoruka na kunata ni chuma, huenda cha uchongaji au cha gia za cheni. Sasa geuza karatasi juani taratibu. Vimeta vya fedha au shaba ambavyo sumaku haivigusi ndivyo vya kuogopa, kwa sababu ukuta wa ndani wa beringi haukutengenezwa kwa chuma. Ukiviona, rudisha funguo.

Karatasi ya mnada ikiwa na herufi R au RA badala ya daraja la namba, gari lilishatengenezwa baada ya ajali. Kwenye LX 600 ajali ya mbele ina maana vipoza hewa na mabomba ya tabo yameguswa, na kuvuja hewa kidogo tu hapo kunamaliza nguvu.

Hatua ya 9: Weka tarehe, kisha iheshimu

Kusubiri bila tarehe humla mtu polepole. Andika kwenye karatasi bei ya juu kabisa utakayolipa kwa LX 600, ikiwa na ushuru wote, na mwaka wa chini utakaokubali. Pembeni andika gharama ya gari ulilonalo sasa kwa mwaka: servisi, bima, matengenezo. Hiyo ndiyo kodi unayolipa kwa kusubiri. Toa humo riba ambayo pesa yako inaingiza ikiwa benki.

Kama uko pwani, unaendesha kilomita zisizozidi 15,000, na fundi wako anaijua V8 kwa macho yaliyofumba, nunua LX 570 ya 2020 au 2021. Litakaa. Kama uko nyanda za juu, unaendesha sana, una gereji yenye mashine, na pesa ya LX 600 ya 2024 haitakuacha bila akiba ya matengenezo, subiri.

Na kwa aliye Kenya anayetaka LX 570 ya 2019: meli kutoka Japani hadi Mombasa huchukua wiki kadhaa, na kabla yake kuna ukaguzi na foleni ya nafasi melini. Lipia kabla ya mwisho wa Septemba 2026. Oktoba kila mtu anakimbilia meli hizohizo, na gari linaloshuka Mombasa 2 Januari 2027 halitaruhusiwa kuingia.